Mume wa Kuazima

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mwenyewe mapema, kwa sababu Walukuba nzima, mtaa wetu hapa Jinja, imeshalisema, na sitaki mtu anitangulie kwenye hadithi yangu.

Tena si kwamba nilikuwa mgeni wa dunia. Dunia imenizaba makofi ya kutosha. Nimekuwa utingo wa lori la Juba, nimeuza mitumba ikanyeshewa yote, nimenunua mtumbwi pale Masese ukazama kabla sijavua hata samaki wa mboga. Nikabaki na vitu viwili: mukene, wale dagaa wadogo wa ziwani, na mdomo. Mukene nauza. Mdomo nautoa bure.

Mke wangu Namono ni Mmasaba wa Mbale. Mimi Swaib ni Mnubi. Babu wa babu yangu aliletwa huku na bunduki ya Mwingereza, akasahau kurudi. Kimasaba chake sikiwezi, Kinubi changu hakiwezi, kwa hiyo nyumbani tunagombana kwa Kiswahili, na kila mmoja anaamini anakijua kuliko mwenzake.

Wakati huo Namono alikuwa na mimba ya tatu, tumbo linaingia mlangoni kwanza, yeye anafuata. Wa kwanza, Shadiah, alikuja vizuri. Wa pili, Ibra, alikuja vizuri pia, ila mama yake ndiye aliyetaka kuondoka. Damu ilikataa kusimama. Mimi nilikuwa Lira na magunia yangu. Niliporudi nilimkuta amekaa kitandani, midomo myeupe kama unga wa muhogo, ananiuliza kama nimekula.

Sasa, pale kituo cha afya anapokwenda kliniki, wamebandika karatasi mlangoni: mama atakayekuja na baba atahudumiwa kwanza. Wakubwa wa afya waliona wanaume tunazaa kwa kusikia habari, kama watu wanaosikiliza mpira redioni, wakaamua kututega. Mama aliyekuja peke yake anakaa benchini mpaka wenye waume waishe. Na hawaishi. Namono aliniambia baadhi ya waume hao anawafahamu sana: ni vijana wa boda wa pale steji. Leo mume wa huyu, wiki ijayo mume wa yule, na wote wanamwitikia mkunga "ndiyo, musawo" kwa adabu ambayo wake zao hawajaiona.

"Baba Shadiah," akaniambia Jumapili moja, anachambua mchele, "mkunga anataka twende wote wawili Jumanne."

"Kufanya nini?"

"Kuna mambo ya damu. Kuna mambo ya gari, likitokea la kutokea. Na nikishazaa huyu, nipumzike kwa njia gani."

"Akwambie wewe, wewe uniambie mimi. Mdomo unao, tena mzuri."

"Anataka akusikie wewe."

"Mama Shadiah, mimi sikatai kitu. Kuzalia hospitali, sawa. Kupumzika, sawa, hata mimi nimechoka. Ninachokataa ni benchi."

"Benchi limekufanya nini?"

"Benchi lile ni la wanawake. Mwanamume akikaa pale mara tatu anaanza kuota matiti."

Akacheka mpaka mchele ukamwagika. Nami nikajua nimeshinda. Ndivyo nilivyo, nikimwona mtu amecheka nahesabu amekubali.

Jumatatu alfajiri nikapanda lori la mzigo kwenda Mbale na magunia yangu. Kabla sijaondoka Namono akanipa furushi la mama yake: sato wa moshi, amefungwa gazeti, juu yake kitenge kipya.

"Mpe Gidudu," akasema. Gidudu ni kaka yake, ana boda mjini Mbale. "Usijaribu kupeleka nyumbani."

"Nani anataka kupeleka nyumbani? Nimechoka kuona watu wakinikimbia."

Hapa nieleze kidogo. Kwa Wamasaba, mtu na mama mkwe wake hawaonani. Si ugomvi, ni heshima. Hamshikani mikono, hamkai chumba kimoja, hamli pamoja. Akikuona njiani anaingia shambani kwa watu. Ukimwona wewe kwanza, unageuka kuangalia mlima. Siku ya posa nilikaa nimeinamisha kichwa kama mwizi wa kuku, na yeye alikuwa nyuma ya nyumba akinipikia. Miaka yote ile ya ndoa nilikuwa nimemwona mara mbili tu: mara ya kwanza mgongo wake ukikata kona ya jiko, mara ya pili miguu yake chini ya pazia. Picha yake sina, Namono anaona si adabu kunionyesha, na yeye uso wangu hajawahi kuuona. Sauti yake naisikia kwa mbali kwenye simu ya Namono, Kimasaba kinachokimbia kama maji ya mtaro. Lakini ile miguu! Miguu ile ningeitambua hata sokoni. Ina vidole vikubwa vinavyoangaliana.

Siku ile alivaa buti za mpira.

Lakini nisikimbie mbele ya hadithi. Nilishusha mzigo sokoni Mbale, nikabishana na wateja wangu kama kawaida, nikatoka kumtafuta shemeji yangu Gidudu. Steji yake iko mkabala na kituo kimoja cha afya, si kikubwa, baraza refu na mabati yanayolia. Vijana wa steji wakaniambia amepeleka abiria Nakaloke, anarudi sasa hivi. "Sasa hivi" ya watu wa boda unaijua. Halafu mvua ikateremka kutoka mlima Wanale, ile mvua ya Mbale isiyobisha hodi. Vijana wakajibana chini ya mwavuli wa muuza chapati. Mimi nikavuka barabara mbio na furushi langu, nikapita geti, nikafika barazani nimelowa.

Barazani palikuwa na sehemu moja tu ya kukaa. Benchi.

Nikakaa. Mvua haikunipa nafasi ya kuchagua. Wanawake walikuwa wamejaa pande zote, wengine na matumbo, wengine na vichanga. Nikajikunja pembeni, nikaangalia paa.

"Bwana," mtu akaninong'oneza.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa nguvu kama mtu anayekwenda kazini, buti za mpira mpaka magotini. Akasogea karibu.

"Wewe si mtu wa hapa."

"Umejuaje, mama?"

"Kiswahili chako nimekisikia ukilaani mvua. Tena unanuka ziwa."

"Na wewe Kiswahili umekitoa wapi?"

"Nimeuza vitunguu kwa Wakenya pale mpakani Lwakhakha kabla hujaota ndevu. Sikiliza. Kuna mtu hapa anakujua?"

"Hakuna."

"Vizuri. Nataka uwe mume wangu kidogo."

Nikamwangalia. Nimetongozwa mara chache maishani, lakini haijawahi kutokea kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi.

"Usinitolee macho," akasema. "Nataka kijiti. Kile cha mkononi, cha kuzuia mimba. Nimezaa inatosha, na wa mwisho alitaka kuniua. Sasa yule binti pale mezani amenirudisha mara mbili. Anasema karatasi ya mlangoni inasema mama aje na baba."

Nikaangalia. Kweli, ilikuwa karatasi ileile kama ya kwetu Walukuba, nadhani zimetoka mashine moja.

"Na baba yuko wapi?"

"Yuko nyumbani, mzima kabisa, anakunywa chai."

"Amekataa usiweke?"

"Hakatai kitu! Anasema kijiti sawa, nikapumzike. Anachokataa ni kuja hapa kukaa na wanawake."

Jamani, nilicheka. Nilicheka mpaka mtoto wa jirani akaamka. "Mama," nikamwambia, "usikasirike, lakini mume wako ni mjinga."

"Ndivyo ninavyomwambia."

"Yaani anakubali kila kitu ila kukaa?"

"Ila kukaa."

"Kwani benchi linauma?"

Naapa sikujisikia. Maneno yalitoka yakapita sikioni mwangu kama ya mtu mwingine.

"Mbona usichukue kijana wa steji?" nikauliza.

"Wale wote wanamjua mzee wangu. Na mwanangu mwenyewe ni mmoja wao, atakuwaje mume wangu? Wewe mgeni. Ukitoka hapa unapotea, basi." Akatoa karanga za kukaanga mfukoni, akanimiminia mkononi. "Hiyo ndiyo mahari yako."

Ningekataaje? Nimeshakwambia, mdomo nautoa bure.

Tukasogea mezani. "Baba yuko?" akauliza yule binti bila kuinua kichwa. "Yuko!" nikajibu, kifua mbele, kama niko kwenye gwaride. Akatuonyesha mlango. Tukawapita wote. Mama mmoja mwenye tumbo kama la Namono, aliyekuwa peke yake, akakunja miguu tupite. Miguu ilikuwa imevimba, ameivua viatu. Sikuiangalia sana. Nilikuwa kazini.

Ndani alikuwepo musawo mmoja anaitwa Gorreti, mkunga wa siku nyingi, miwani imefungwa uzi shingoni. Kuna benchi fupi tena. Tukakaa bega kwa bega.

"Karibu, baba," akasema. "Wanaume kama wewe ni wachache."

"Tuko wengi, musawo. Tunajificha tu."

"Mna watoto wangapi?"

"Sita," nikasema.

"Wanane," akasema mke wangu, pamoja nami.

Musawo akainua kalamu.

"Wawili walizaliwa nikiwa safarini," nikasema.

"Na wa mwisho anaitwa nani?"

"Amir."

"Wabwire."

"Ana majina mawili," nikasema. "Moja la kwao, moja la kwetu."

Yule mama akanikanyaga kwa buti. Musawo Gorreti akatuangalia juu ya miwani, mmoja mmoja, taratibu, kisha akaweka kalamu chini.

"Nani amewaambia mje wawili?"

"Karatasi ya mlangoni," akasema mama. "Nimerudishwa mara mbili."

"Karatasi ile ni ya wajawazito," musawo akasema, "na hata kwao iliwekwa kuwabembeleza wanaume waje. Haikuwekwa kuwafungia wanawake nje. Nitazungumza na yule binti. Kijiti ni cha kwako, mama. Mkono ni wako. Hakuna sheria inayotaka ruhusa ya mume. Tukisema hivyo, mjane atafanyaje? Aliyeachwa atafanyaje? Ataazima mume wa watu?"

Tukakohoa wote wawili.

"Lakini maadamu baba yuko," akaendelea, na sasa nadhani alikuwa anatabasamu, "akae asikilize. Haidhuru. Mama, nieleze uzazi wako."

Mama akaeleza. Wa mwisho, Wabwire, ndiye aliyemmaliza: baada ya mtoto kutoka, damu ikaja kama bomba, akapelekwa hospitali kubwa kwenye pikapu ya mtu wa kabichi, na kama isingekuwa ile pikapu imepita, leo angekuwa hadithi. Alisema hivyo akicheka. Nami nikacheka kidogo, nikitafuna karanga.

"Na wa kwanza?" musawo akauliza.

"Wa kwanza alikuja salama. Binti, Namono. Yuko Jinja sasa, pale Walukuba. Ameolewa na Mnubi mmoja anauza mukene."

Karanga ikapotea njia. Nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Musawo akanipa maji, na mama yule, kwa huruma kabisa, akanipiga mgongoni. Kofi la kwanza, la pili. Kila kofi lilikuwa linavunja mila ya ukoo mzima.

Hebu fikiria. Akina Namono wako wengi Mbale. Wanubi wako wengi Walukuba. Lakini Mnubi wa Walukuba anayeuza mukene na kumwoa Namono ni mmoja tu, na alikuwa amekaa benchi moja na mama mkwe wake, ameshakula mahari yake ya karanga, amesema wana watoto sita. Nikateremsha macho kwenye zile buti. Sikuhitaji kuona vidole. Nilijua vinaangaliana humo ndani.

"Huyo Namono ndiye ananinyima usingizi, musawo," mama mkwe wangu akaendelea. Kicheko kilikuwa kimemtoka. "Mtoto wake wa pili, damu ilimfanya vilevile kama mimi. Sasa ana mimba tena. Mkunga wake amemwambia aje na mume wapange, mume hataki. Jana jioni amenipigia simu analia. Anasema, Mama, naogopa, na nikimwambia naogopa anafanya mzaha na mimi nacheka. Akinichekesha nashindwa kumwambia tena."

Jana jioni. Jana jioni mimi nilikuwa uwanjani nafunga magunia, nimejaa ushindi.

"Huyo mkwe wenu anasemaje hasa?" akauliza musawo.

"Anasema hakatai kitu. Anakataa benchi."

Musawo Gorreti akanigeukia. "Baba Namono, wewe ni mwanamume mwenzake. Unamwambia nini mkwe wa namna hiyo?"

Nimeshawahi kuulizwa maswali na askari wa mpakani nikiwa na mzigo wa magendo chini ya viazi. Hayo hayakuwa kitu mbele ya hili.

"Labda," nikasema, sauti imebaki nusu, "labda ana shughuli."

"Shughuli gani?" mama mkwe akaniruka. "Mukene imeshakufa, inaweza kungoja. Mwanangu ndiye bado mzima."

Nikainamisha kichwa kama siku ya posa. Mimi, Swaib, nikahesabu karanga zilizobaki mkononi. Kama unanijua, ujue ni habari ya kuandikwa gazetini.

"Mwanamke aliyetokwa na damu hivyo mara moja anaweza kutokwa tena," musawo akasema, na alikuwa ananiangalia mimi, baba mtu. "Asizalie nyumbani, wala kwenye kituo kidogo kama hiki. Azalie penye daktari na penye damu. Gari lijulikane kabla, na dereva aambiwe kabla. Watu wa kutoa damu wajulikane. Na nani atabaki na watoto. Hayo ni mambo ya kupanga watu wawili wamekaa, baba. Mwenye uchungu hawezi kuanza kutafuta namba ya dereva. Mwambie mkweo."

"Nitamwambia," nikasema. Na nilikuwa nimesikia kila neno. Sijawahi kusikia kitu vizuri namna ile, maana nilikuwa naogopa hata kupumua.

Mama mkwe akaingia nyuma ya pazia kuwekewa kijiti chake. Nikaona hii ndiyo nafasi. Mlango ule pale, mvua imepungua, naweza kufika sokoni kabla hajatoka, na siri nitakufa nayo. Nikashika furushi. Nikafungua mlango. Mlangoni amesimama Gidudu, kofia ya boda mkononi, maji yanamtiririka.

"Shemeji!" akapiga kelele kwa furaha. "Wameniambia umeingia huku nikasema haiwezekani, Swaib na kliniki! Unaumwa? Na Mama umepishana naye? Nimemleta asubuhi."

Pazia likafunguka. Mama mkwe akatoka na bandeji mkononi, amefurahi kama mtu aliyemaliza mtihani.

"Gidudu," akasema kwa utani, "njoo umsalimie mume wangu."

Gidudu akaniangalia mimi. Akamwangalia mama yake. Akaangalia lile benchi fupi.

"Mama," akasema polepole, "huyu ni Swaib. Wa Namono."

Nilifanya kilichobaki: nikageukia ukutani nikaanza kusoma picha ya mama anayenyonyesha. Nyuma yangu nilisikia kitambaa kikivutwa usoni, halafu buti, pwata pwata pwata, zikitoka kwa mlango wa nyuma, zikakata kona. Mara hii hata mgongo sikuuona.

Musawo Gorreti akavua miwani. "Gidudu," akasema, "huyu ni baba yako au shemeji yako?"

Nje, Gidudu alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Nikampa furushi. Nikamwambia kama anampenda dada yake asimwambie mtu. Akasema sawa sawa kabisa, shemeji, mimi ni kaburi. Kisha akafikiri. "Lakini wazee watataka mbuzi wa kusafisha mwiko huu."

"Kwa kukaa tu?"

"Mlikaa mbalimbali?"

"Bega kwa bega."

"Basi mbuzi na jogoo. Na kama alikupiga mgongoni, sijui. Hiyo haijawahi kutokea."

Lori lilinifikisha Jinja jua bado liko juu ya mapaa ya Walukuba. Njia nzima nilikuwa natunga uongo, na ulikuwa uongo mzuri, una mwanzo na mwisho. Nilipofika nilimkuta Namono kwenye mkeka mbele ya mlango, simu imelazwa juu ya tumbo, anafuta machozi kwa ncha ya leso. Kicheko kilikuwa kimemchosha. Yule kaburi alikuwa ameshafunguka kabla sijavuka hata mto Mpologoma.

"Karibu, baba yangu," akasema. "Maana sasa sijui nikuite nani."

"Cheka tu."

"Watoto sita, Baba Shadiah? Wawili ulikuwa safarini?"

"Cheka, umalize."

Akamaliza. Nikakaa karibu naye, nikavua viatu. Shadiah na Ibra walikuwa wakifukuzana na kuku wa jirani. Namono akakunja leso yake, akasema, "Kesho ni Jumanne."

Sasa hapa, ndugu msomaji, ungedhani mtu aliyepigwa na mvua, akanyongwa na karanga, akapigwa mgongo na mama mkwe wake, amejifunza. Lakini nilikuwa nimepata wazo lori lilipokuwa Iganga, na lilionekana wazo zuri sana.

"Mama Shadiah," nikasema, "kesho hakuna haja. Nimeshafundishwa yote. Sikiliza: penye daktari na penye damu. Gari lijulikane, dereva aambiwe kabla. Nitamwambia Asadu wa pikapu usiku huuhuu. Damu nitatoa mimi, na Asadu, na yule kinyozi Andrew. Watoto wabaki kwa dada yangu Hadijah, Mafubira. Umeona? Kila kitu. Benchi la nini tena?"

"Hayo aliambiwa mume wa Mama."

"Masikio si ni haya haya?"

"Mkunga wangu hajakuona."

"Ataniona siku ukizaa."

"Ibra alipozaliwa," akasema Namono, na hakuwa anacheka, "walikuwa wananiuliza, mtu wako yuko wapi, nani wa kumwambia. Nikawa naangalia mlango. Sikutaka uje kufanya kitu, Swaib. Hujui kufanya kitu. Nilitaka awepo mtu wa kuambiwa."

Ameniita jina. Akiniita jina najua tumetoka kwenye mzaha. Nikaangalia miguu yake kwenye mkeka. Imevimba kama ya yule mama wa barazani, na alama ya kamba ya ndala imebaki juu yake.

Na bado, unajua mdomo wangu, ukatoka wenyewe. "Namono, mimi sikatai. Kweli sikatai. Lakini Mbale hakuna aliyenijua. Hapa vijana wote wa steji wananijua. Wakiniona nimekaa pale kwenye lile benchi, katikati ya wanawake, nikiitwa baba nani, nitaonekana..."

"Utaonekana nani?"

"Nitaonekana..."

Simu juu ya tumbo lake ikakohoa.

Nikaikodolea macho. Taa yake ilikuwa inawaka. Namono hakuwa ameikata. Tangu nilipofika hakuwa ameikata.

"Mama," akasema Namono, "bado uko?"

"Niko," ikasema simu. Haikuwa Kimasaba. Kilikuwa kile Kiswahili cha vitunguu vya Lwakhakha, polepole, ili asiyetakiwa kusemeshwa asikie kila neno. "Mimi simsemeshi mkwe wangu, nakusemesha wewe. Muulize huyo bwana: kama aliweza kuwa mume wangu asubuhi nzima bila hata kunijua, atashindwaje kuwa wako?"